Mwenye Kazi ni Nani?

Katika vijiji vingi vya nchi yetu watu wana desturi ya kuviita vitu kwa jina la aliyevileta. Husikii wakisema bomba letu. Wasema bomba la Wajerumani. Kisima ni cha Wajapani, pikipiki ni ya mradi, mashine ni ya misheni. Wenye kusema hivyo hawana nia mbaya, wala si watu wasio na shukrani. Wataja mambo kama wanavyoyaona. Na siku bomba linapovunjika, ukiuliza kwa nini halijatengenezwa, jibu huwa tayari: wenyewe hawajaja.

Neno hilo, wenyewe, latupasa kulifikiri. Bomba liko kijijini. Maji yake yanywewa na watoto wa kijiji. Likikauka, ni akina mama wa kijiji watakaorudi mtoni na ndoo vichwani. Hata hivyo wenyewe ni watu wengine, wakaao mbali, ambao pengine mkataba wao umekwisha na wamekwenda zao. Imekuwaje hata mtu akatumia kitu kila siku, akateseka kikiharibika, na bado asijihesabu kuwa mwenyewe?

Swali hili ni la siku zote, lakini katika miaka hii limekuwa zito zaidi. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka ule ule shirika lake la misaada, USAID, likafunga kazi zake. Nchi nyingine za Ulaya nazo zimepunguza fungu lao. Kazi nyingi za afya na za vijijini katika Afrika zilisimama kwa siku chache tu, kwa sababu ya karatasi iliyotiwa sahihi mahali ambapo mgonjwa na mkulima hawakujulikana. Basi yafaa tujiulize, bila hasira na bila kulaumu: katika kazi iliyogharamiwa na fedha ya ng'ambo, mwenye kazi ni nani?

Majibu mawili hutolewa upesi. Wa kwanza wasema: mwenye kazi ni aliyetoa fedha, maana bila yeye pasingekuwa na kitu. Wa pili wasema: mwenye kazi ni mwananchi, maana ardhi ni yake na kazi imejengwa kwa ajili yake. Majibu yote mawili yana chembe ya kweli, lakini hayatoshi. Fedha peke yake haimfanyi mtu kuwa mwenye kazi, kwani twajua kazi zilizojengwa kwa fedha nyingi zikafa mara mtoaji alipogeuka. Wala kukaa karibu na kitu hakumfanyi mtu kuwa mwenyewe. Mlinzi wa ghala hulala mlangoni pake kila usiku, na ghala si lake.

Kwa maoni yetu, mwenye kazi ni yule mwenye uwezo wa kufanya mambo matatu. La kwanza, kuamua kazi yenyewe iwe nini, kabla haijaanza. La pili, kushika fedha na daftari la hesabu, na kujibu mbele ya wenzake. La tatu, ambalo husahauliwa mara nyingi, kusema hapana. Mtu asiyeweza kukataa zawadi hajaipokea kwa hiari, ametwishwa. Mahali ambapo mambo hayo matatu hayapo, mikutano na semina za kuwashirikisha wananchi ni heshima ya midomo tu.

Na tutazame sasa kama maneno haya yasimama mbele ya mambo yaliyotukia kweli. Hatuna haja ya kwenda mbali. Nchi ya Mbinga na jirani yake Songea zina mafundisho ya kutosha.

Mgeni apandaye milima ya Umatengo hushangazwa na mashamba yake. Miteremko ni mikali hata mtu aogopa kuanguka, na mvua ni nyingi. Ungetazamia udongo wote uwe umekwisha kushuka mtoni zamani sana. Lakini mlima umejaa mashimo yaliyopangwa safu kwa safu, kila shimo limezungukwa na matuta yake pande nne. Hizi ndizo ngolo. Mvua zinapokaribia kwisha, majani hukatwa na kulazwa juu ya ardhi kwa mistari inayokatana; kisha udongo wa katikati huchimbuliwa na kutupwa juu ya majani yale. Majani huoza yakawa mbolea ndani ya tuta, maji ya mvua hunaswa shimoni yasikimbie, na maharage hupandwa juu ya matuta, yakifuatwa na mahindi msimu ujao. Wanaume wakata majani na kuyapanga. Wanawake wachimba na kupanda. Wazee wasema kwamba watu walisukumwa kwenye miteremko hiyo na vita vya Wangoni katika karne ya kumi na tisa, wakalazimika kuishi watu wengi mahali padogo. Tangu miaka ya 1930 mabwana shamba wa serikali ya Kiingereza waliandika habari za ngolo kwa mshangao. Hakuna mtaalamu aliyewaletea.

Tulinganishe na milima mingine. Katika Uluguru, karibu na Morogoro, serikali ile ile ya Kiingereza iliona hatari ile ile ya udongo kumomonyoka. Nia yake ilikuwa njema, na fedha ilikuwapo. Kuanzia mwaka 1950 hivi watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao, na asiyechimba alitozwa faini. Waluguru walilalamika kwamba kazi ni nzito na kwamba ngazi zile zafukia udongo wa juu wenye rutuba na kuufunua ule usiozaa. Hawakusikilizwa. Mwaka 1955 ghasia zikatokea huko Matombo, polisi wakaletwa, mtu mmoja akauawa, na mpango mzima ukaachwa.

Milima ni ile ile, mvua ni ile ile, na lengo ni lile lile, kuokoa udongo. Kazi moja imedumu vizazi kadhaa bila msimamizi wala faini. Nyingine haikufika miaka kumi, ingawa ilikuwa na serikali nyuma yake. Watu wa Uluguru hawakuwa wavivu kuliko Wamatengo, wala wapumbavu. Tofauti ni kwamba Mmatengo alipoona tuta limebomoka alijua ni lake, akaligeuza kadiri mlima wake ulivyotaka, akamfundisha mwanawe. Mluguru aliamriwa, na lalamiko lake, ambalo lilikuwa na elimu ndani yake, likahesabiwa kuwa ukaidi. Hapo ndipo ubaya wa kuwatawala watu kwa ajili ya faida yao unapoonekana: hauwanyimi uhuru tu, bali wamnyima mtawala mwenyewe maarifa ambayo angeyapata kama angeuliza.

Wengine watasema: hizo ni habari za mkoloni, wafadhili wa leo ni watu wa namna nyingine. Ni kweli kwamba wako wa namna nyingine, na haki yadai tuwataje. Katika miaka ya 1990 walimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walifika Umatengo kujifunza. Hawakuja na bomba wala trekta. Walikaa wakauliza jinsi ngolo zinavyochimbwa, jinsi koo zinavyogawana ardhi, jinsi watu wanavyopatana. Baadaye, kati ya mwaka 1999 na 2004, kwa fedha za shirika la serikali ya Japani liitwalo JICA, ukafuata mradi wa maendeleo ya vijijini, na Kindimba kilikuwa kimoja cha vijiji vyake.

Katika Kindimba lilitokea jambo la kujengwa kinu cha kusaga nafaka kwa nguvu za maji ya mto. Kinu chahitaji mfereji, mawe, matofali, na watu wa kukilinda. Wanakijiji walitoa nguvu zao, na kwa usimamizi wakaunda kamati wakaiita Sengu. Neno hili si la kigeni. Zamani, katika ukoo wa Wamatengo, wanaume walikutana jioni kwa mzee wao, vyakula vya nyumba zote vikaletwa pamoja, wakala pamoja, wakahukumu magomvi, wakafundisha vijana, wakapanga kazi za kesho. Huo ndio uliokuwa sengu. Aliyekuwa na chakula kidogo alikula sawa na mwenye kingi, na mambo ya ukoo yalisemwa mbele ya wote. Basi chombo cha fedha za Kijapani kikawekwa chini ya jina la baraza la Kimatengo. Na kutokana na kazi hiyo vikundi vingine vikaanza kupanda miti, kuchimba mabwawa ya samaki na kufuga nyuki.

Hatusemi kwamba kila kitu katika Kindimba kilikwenda sawasawa. Hakuna kijiji cha malaika. Twasema tu kwamba utaratibu ulikuwa wa haki. Mgeni alianza kwa kuuliza, na mwenyeji akakiweka kitu kipya mahali alipokuwa amezoea kutoa hukumu zake. Methali yetu yasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kumwonya mgeni asiwe mzigo. Lakini ina maana nyingine pia. Anayepewa jembe huenda kulima katika shamba la mwenyeji, tena huanzia pale mwenyeji anapomwonyesha. Msaada wake ni wa kweli, jasho lake ni la kweli, na shamba labaki kuwa la mwenyewe.

Sasa tufike kwenye fundisho lililo gumu zaidi, maana latuonya kwamba adui wa uongozi wa wananchi si mgeni tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walikwenda kuanzisha kijiji porini huko Litowa, katika wilaya ya Songea. Walianza kwa taabu na njaa. Mwaka 1963 vijiji vya namna hiyo viliungana katika Chama cha Maendeleo ya Ruvuma. Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, alikaa nao pamoja na jamaa yake, akawa mshauri wao, na misaada kutoka ng'ambo ilipatikana kwa vyombo na mitambo. Chama kilifikia vijiji vipatavyo 17. Kilikuwa na kinu cha nafaka mjini Songea, mashine ya kupasua mbao, na shule huko Litowa iliyowafundisha watoto kufuatana na maisha ya vijiji vyao.

Lililokuwa geni katika Chama hicho ni utaratibu wake. Hapakuwa na bwana wa kuamuru. Kila kijiji kilikutana na kuamua chenyewe kipande nini, kigawane mavuno vipi, kimpokee nani. Mshauri alishauri, mkutano uliamua. Mwalimu Nyerere alikisifu Chama hicho, na mawazo yake juu ya vijiji vya ujamaa, aliyoyatoa mwaka 1967, yalipata nguvu kwa kuona kwamba jambo lile lawezekana. Mwaka uliofuata, 1968, alifundisha kwamba watu hawaendelezwi, hujiendeleza wenyewe. Mfano wa maneno hayo ulikuwa tayari Litowa.

Lakini mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kwamba Chama cha Maendeleo ya Ruvuma kivunjwe. Mitambo yake ilichukuliwa. Walimu wa shule ya Litowa wakahamishwa. Wageni wakaondoka. Vijiji viliambiwa kwamba tangu sasa chama cha siasa na serikali ndivyo vitakavyoviongoza. Miaka michache baadaye, watu kwa mamilioni walihamishiwa katika vijiji kwa amri, na mengi ya yale yaliyofanywa Litowa kwa hiari yakadaiwa kila mahali kwa nguvu. Twajua yalivyokwisha.

Kwa nini Chama kilivunjwa? Hakikuiba. Hakikuasi. Kosa lake lilikuwa kwamba watu walizoea kuamua, na mtu aliyezoea kuamua kijijini kwake hatakubali kwa urahisi kuamriwa na afisa wa wilaya. Hapa twaona kwamba si wafadhili peke yao waogopao wananchi wenye sauti. Wakubwa wetu wenyewe waogopa pia, na huenda zaidi, kwa kuwa mfadhili ataondoka lakini wao watabaki. Yawezekana mgeni akaacha kushika usukani, na mwenyeji mwenye cheo akaushika badala yake, na mwanakijiji asione tofauti yoyote isipokuwa rangi ya mkono.

Walakini tusimalize habari hii bila kutaja kijiji cha Matetereka, kimoja cha vijiji vya Chama kile. Watu wake waliendelea na kazi zao za pamoja miaka mingi baada ya Chama kuvunjwa, bila mshauri, bila mashine za Songea, bila kusifiwa na mtu. Mitambo yaweza kuchukuliwa kwa gari moja. Mazoea ya kukutana na kuamua hayapakiwi garini.

Yako mashaka mawili ambayo mtu mwenye haki hawezi kuyapita.

Shaka la kwanza ni hili. Fedha ya mfadhili nayo ina mwenyewe. Ni kodi ya mfanyakazi wa Osaka au sadaka ya mjane wa Würzburg, jimbo la Ujerumani lililo na undugu na Jimbo la Mbinga. Je, hao hawana haki ya kujua fedha yao imefanya nini? Wanayo, na ni haki kubwa. Anayepokea fedha ya mwingine kwa kazi fulani akaificha au akaitumia kwa mambo mengine ni mwizi, hata kama ni maskini na mtoaji ni tajiri. Lakini haki ya kupewa hesabu si haki ya kuongoza. Mtu aliyemkopesha jirani yake fedha ya kujenga nyumba aweza kudai alipwe. Hawezi kuingia kupanga vitanda. Hesabu itolewe waziwazi, kwa mtoaji huko aliko na kwa wanakijiji papa hapa, daftari moja kwa wote. Mahali pengi twatuma ripoti nzuri Ulaya kwa lugha ya Ulaya, na mwanakijiji aliyebeba mawe hajui hata mradi ulikuwa wa shilingi ngapi. Hapo hesabu imetolewa upande mmoja, na upande ulioachwa ni ule wenye kazi.

Katika jambo hili Kanisa lina fundisho lililo wazi, na halikutungwa kwa ajili ya Afrika. Papa Pius XI aliandika mwaka 1931 kwamba ni kosa dhidi ya haki kwa jamii kubwa kuchukua kazi ambayo jamii ndogo yaweza kuifanya yenyewe. Kazi ya mkubwa ni kumsaidia mdogo, si kummeza. Kama hiyo ndiyo sheria, basi nasi watu wa Kanisa hatuna budi kujipima kwayo. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, wakajenga shule, hospitali, karakana na makanisa, kazi ambazo hakuna mwenye haki atakayezidharau. Lakini neno la misheni lilibaki midomoni mwa watu: shamba la misheni, gari la misheni. Leo mapadre ni wana wa nchi. Je, neno limebadilika? Padre anayeandika barua ya kuomba msaada Ulaya, akapata jibu, akaita fundi, akajenga, kisha akawatangazia waamini Jumapili kwamba wamepata zahanati, ameleta jambo jema. Lakini amewafundisha tena kupokea. Afadhali zahanati ingechelewa mwaka mmoja, waamini wakaisema kwanza katika jumuiya zao ndogondogo.

Shaka la pili ni zito zaidi. Wasema: mkiwaachia wananchi, watakosea, tena wako watakaokula fedha. Hatuwezi kulikana jambo hili, maana Mbinga yajua uchungu wake. Kahawa ililetwa Umatengo katika miaka ya 1920, ikawa ndiyo karo ya shule, bati la nyumba na mahari ya vijana. Chama Kikuu cha Ushirika cha Mbinga, MBICU, kilikuwa cha wakulima wenyewe, hakikuwa cha mgeni. Kiliwakopesha mbolea na dawa, kikanunua kahawa yao. Katikati ya miaka ya 1990, soko la kahawa lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, kikaanguka kwa madeni, na mkulima akabaki bila mkopo wa mbolea. Kwa jina, mwenye ushirika alikuwa mkulima. Kwa kweli, mkulima mmoja mmoja mlimani hakuwa na njia ya kulifungua daftari la chama chake.

Twajifunza nini? Hatujifunzi kwamba wananchi wasiachiwe. Twajifunza kwamba kuwaachia viongozi wa wananchi si sawa na kuwaachia wananchi. Mwenyekiti, mtendaji, mhazini, mzee wa ukoo, hata paroko, wote hao waweza kusimama mlangoni wakasema, sisi ndio wananchi. Hapana. Wananchi ni pamoja na mwanamke anayebeba debe la mahindi kwenda kinuni, kijana asiye na shamba, na mjane ambaye nyumba yake iko mwisho wa bomba. Sengu la zamani lilikuwa na uzuri wake, lakini waliokaa na kuhukumu walikuwa wanaume, na chakula kililetwa na wanawake. Tukilirudisha jina lake, turudishe haki iliyokuwamo, wala tusiurudishe upungufu wake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Naye anayejua kama bomba limewekwa mahali pake ni yule achotaye.

Na kuhusu kukosea: ni kweli, watakosea. Lakini je, wataalamu hawakosei? Katika Kenya, kwenye Ziwa Turkana, Norwei ilijenga huko Kalokol kiwanda cha kugandisha samaki, kikafunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kugandisha samaki katika nchi ile ya joto kulihitaji umeme na maji safi kuliko vilivyokuwapo, na gharama ikapita bei ya samaki. Kiwanda kilifanya kazi siku chache tu. Waturkana wengi walikuwa wafugaji, hawakuwa wamekiomba. Kosa la mtaalamu hulipwa na mwingine, naye huenda kwenye kazi nyingine. Kosa la mwanakijiji hulipwa na mwanakijiji, na kwa hiyo humfundisha.

Habari ya Turkana iwafikie ndugu zetu wa pwani ya Nyasa, katika wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Barabara ya lami imefika Mbamba Bay, na kwa barabara ile watakuja wafanyabiashara na wafadhili pia. Mtu atakuja na mpango juu ya usipa wanaoanikwa mchangani. Huenda mpango ukawa mzuri. Lakini kabla ya kupiga makofi, wavuvi na wake zao waulize: nani aliyeona kwamba hili ndilo tunalolihitaji kwanza? Mashine ikiharibika, kipuri chapatikana wapi na kwa shilingi ngapi? Nani atashika fedha, na sisi tutaliona daftari lini? Na tukisema hapana, au tukisema tunataka vichanja vya kuanikia tu na si mtambo, je, utakuja tena? Mfadhili mwema hatakasirika kwa maswali hayo. Atafurahi kwamba amepata wenzi wa kazi. Atakayekasirika amekwisha kujibu.

Kwa sheria ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, mwanamume na mwanamke, na ndio wenye mamlaka ya juu katika kijiji. Hatuhitaji kuletewa chombo kipya. Chombo kipo, twakiacha kitupu. Mara ngapi mkutano huitishwa, watu hawafiki, kisha kumi waliofika wanaamua kwa ajili ya elfu? Mara ngapi hesabu husomwa upesi upesi mwisho wa siku, na hakuna anayeinua mkono kwa kumwonea haya mwenyekiti? Haya hiyo ni ghali. Mfadhili hawezi kutupa uongozi ikiwa sisi twaukwepa pale ambapo tayari ni wetu.

Wazazi Wakristo, jambo hili laanzia nyumbani. Mtoto anayeshirikishwa katika shauri la shamba, akaambiwa kahawa imeuzwa kwa bei gani na karo imelipwaje, atakuwa mtu mzima anayeuliza hesabu mkutanoni. Mtoto anayenyamazishwa kila anapouliza atakuwa mtu mzima anayengoja wenyewe waje.

Hatusemi msaada ukataliwe. Binadamu ni ndugu, na ndugu husaidiana. Aliye na kingi ana wajibu mbele ya Mungu kwa asiye nacho. Twasema msaada upokewe kwa kusimama wima. Wenye fedha waje, waulize, wasikilize, washike jembe tunapowaonyesha, wapewe hesabu yao kamili, na washukuriwe. Nasi tuamue, tushike daftari, na tuwe na moyo wa kusema hapana inapobidi. Likivunjika bomba siku ya Jumatatu, asubuhi ya Jumanne mtu wa kijiji awe amekwisha kwenda na ufunguo wake kulitazama, bila kungoja barua kutoka popote.